Ukianguka, Uende Wapi na Anguko Lako: Mwongozo wa Kurudi Kwenye Neema

Daftari lilikuwa na jalada la kijani, na ukurasa wa michango ya mwezi ule niliuandika mara mbili. Mara ya kwanza niliuandika kwa hesabu ya kweli. Kisha nikauchana taratibu, nikitumia ukucha ili usiache kingo zinazoonekana, nikauandika upya kwa hesabu niliyotamani iwe kweli. Nilikuwa mweka hazina wa kwaya. Fedha za mfuko nilizichukua nikijiambia kwamba ninakopa tu, nitarudisha kabla hajauliza mtu. Sikurudisha. Na Jumapili nilisimama mstari wa mbele, nikaimba.

Ninaanza na hilo ili ujue kwamba anayekuandikia amewahi kuwa shimoni. Pengine wewe ulivunja ndoa yako kwa mikono yako mwenyewe. Pengine ulirudia pombe baada ya kuwaahidi watoto. Pengine ulipewa kazi ambayo ukoo mzima uliitegemea, ukaiharibu. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini mhunzi anayelitazama koleo lake limekatika vipande viwili anahitaji kujua la kufanya asubuhi inayofuata.

Kwa miaka mingi nimeirudia habari ya usiku ule mmoja ambamo wanafunzi wawili wa Yesu walianguka. Petro alimkana Bwana mara tatu. Yuda alimsaliti. Wote wawili waliumia. Ukisoma Mathayo 27 kwa makini utaona jambo la kushtua: Yuda alijuta, akavirudisha vile vipande 30 vya fedha, akaungama kwa kinywa chake, “Nalikosa nilipoisaliti damu isiyo na hatia.” Petro hatuna neno lake lolote la toba usiku ule, tunaambiwa tu kwamba alitoka nje akalia kwa majonzi. Lakini Yuda aliwapelekea ungamo lake makuhani waliomnunua, nao wakamjibu, “Haya yatupasani sisi? Yaangalie haya wewe mwenyewe.” Akaenda kuyaangalia peke yake, akafa. Petro alilia, kisha Jumapili asubuhi tunamkuta yuko pamoja na wenzake, mahali ambapo habari za kaburi tupu zingeweza kumfikia.

Kwa hiyo swali linaloongoza mwongozo huu wote ni hili: anguko lako umelipeleka wapi?

Hatua ya kwanza: kula, lala, usiamue lolote

Eliya alipokimbia jangwani akaomba afe, Mungu hakumpa mahubiri. Soma 1 Wafalme 19. Malaika alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula kilekile, akamwambia safari ni kubwa mno kwake. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, mlimani, siku arobaini mbele.

Kwa hiyo siku mbili tatu za mwanzo usijiuzulu, usivunje uchumba, usihame, usimwandikie mtu barua ndefu usiku wa manane. Kula hata kama huna hamu. Oga. Lala. Mwili uliochoka huyaona yote kuwa yamekwisha, na shetani hupenda sana kuhubiri kwa mtu ambaye hajala.

Hapa lazima niseme jambo waziwazi. Ukiwa na mawazo ya kujiua, usiendelee kusoma hatua hizi kana kwamba zitakungoja. Mwambie mtu sasa hivi, aliye karibu nawe, kwa maneno ya wazi: “Ninafikiria kujiua, usiniache peke yangu.” Nenda hospitali. Kwenda hospitali hakumaanishi imani imekuisha. Eliya naye aliomba kufa, na Mungu hakumhesabu kuwa ameasi.

Hatua ya pili: lipe jina lake

Watu wengi wanaolemewa na hatia hawajui hasa wana hatia ya nini. Kila kitu kimeshikamana kama nguo mbichi kwenye beseni. Chukua karatasi, uzitenganishe nguo hizo katika mafungu matatu.

La kwanza ni dhambi: nililotenda nikijua ni baya, au nililopaswa kutenda nikaliacha. La pili ni kushindwa: nilijitahidi, sikuweza, au sikuwa na ujuzi. Biashara iliyokufa inaweza kuwa hapa. Mtihani uliokushinda unaweza kuwa hapa. La tatu ni lililokupata: ugonjwa, ukatili uliotendewa, ndoa iliyovunjwa na mwenzako. Nimeona watu wakitubu miaka kwa miaka kwa mambo ya fungu la tatu, wakishangaa kwa nini amani haiji. Haiji kwa sababu mtu hawezi kusamehewa kosa ambalo si lake. Kama uliumizwa na mtu mwingine, unachohitaji ni faraja na haki. Usiungame dhambi ya aliyekuumiza.

Mara nyingi jambo moja lina nyuzi za mafungu yote matatu. Katika habari yangu, kubanwa na madeni kulikuwa msiba kwa sehemu, na kukosa kupanga matumizi kulikuwa udhaifu. Kuchana ule ukurasa kulikuwa dhambi. Sikuwa na ruhusa ya kuyatumia yale mawili kuifunika dhambi hiyo.

Sasa, kwa lile fungu la kwanza, andika sentensi moja. Ianze na “mimi”, iwe na kitenzi, halafu weka nukta. Usiandike “kwa sababu”. Usiandike “ilitokea”. “Mimi niliiba fedha za kwaya.” Ilinichukua juma zima kuandika neno “niliiba”. Kabla ya hapo niliandika “nilichelewesha”, kisha “nilitumia vibaya”, kisha “nilikopa bila idhini”. Kila neno lilikuwa jani jingine la mtini.

Hatua ya tatu: mwambie Mungu, hata bila machozi

Daudi alipoambiwa na nabii Nathani, “Wewe ndiwe mtu huyo,” jibu lake lilikuwa fupi: “Nimemfanyia BWANA dhambi.” Hiyo tu. Zaburi ya 51 ndiyo inayoyapanua maneno hayo. Kama maneno yako yamekauka, isome hiyo kwa sauti, au Zaburi ya 32, ambayo inaeleza vizuri kuliko kitabu chochote ninachokijua hali ya mtu anayeficha: “Niliponyamaza mifupa yangu imechakaa, kwa kuugua kwangu mchana kutwa.” Na kama hata hiyo ni ndefu, chukua mistari miwili ya Zaburi ya 130: “BWANA, kama Wewe ungehesabu maovu, Ee Bwana, nani angesimama? Lakini kwako kuna msamaha.”

Mtu ataniuliza: nimetubu, mbona sijisikii nimesamehewa? Rudi kwenye 1 Yohana 1:9 uangalie msamaha umesimamishwa juu ya nini. “Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu.” Uaminifu unaotajwa pale ni wake. Moyo wako unaweza kuchukua miezi kuufikia ukweli ambao tayari umekwisha kutamkwa, kama vile mkono uliobanwa kwa muda mrefu unavyoendelea kufa ganzi baada ya kufunguliwa.

Na kuna sauti mbili zitakazozungumza nawe wakati huu, ujifunze kuzitofautisha. Paulo anaziita huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu, na huzuni ya dunia (2 Wakorintho 7:10). Ya kwanza huja na jina la tendo: uliiba, rudisha. Inauma, lakini inakuonyesha mlango. Ya pili haina tendo, ina jina lako tu: wewe ni mwizi, umezaliwa hivyo, hata Mungu amechoka. Haikuelekezi popote. Ukisikia sauti isiyokupa la kufanya isipokuwa kujichukia, hiyo haitoki kwa Yule aliyemwombea Petro kabla hajaanguka. Ndiyo, kabla. Luka 22:32: “Nimekuombea wewe ili imani yako isitindike, nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako.” Yesu alilijua anguko na kuongoka kwake, akapanga na kazi ya baadaye, jogoo akiwa bado amelala.

Hatua ya nne: mwambie mtu mmoja

Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Tungependa jambo liishe kati yetu na Mungu, kimyakimya. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na Yakobo 5:16 inasema “ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa.” Wakatoliki na Waorthodoksi wana kitubio, padre amefungwa na siri ya kitubio, hawezi kusema ulichomwambia. Waprotestanti wengi hawana utaratibu huo kila juma, na nadhani tumepoteza kitu hapo. Inabidi tumtafute mtu.

Mtafute nani? Mtu aliyewahi kuanguka mwenyewe na hakuficha. Mtu ambaye hujawahi kumsikia akisimulia siri za mwingine. Ukisikia anakusimulia ya fulani, yako nayo yatasimuliwa. Mtu asiyefaidika na anguko lako wala kuumizwa nalo moja kwa moja. Usiwe na haraka ya kuungama mbele ya kusanyiko zima, wala mtandaoni. Kama kosa lako ni la kisheria, au limemdhuru mtoto, ungamo la faragha halitoshi. Linapaswa kufika kwa wanaohusika ili aliyedhuriwa alindwe, na mshauri mzuri atakwenda nawe.

Mimi nilikwenda kwa mama mmoja, mzee wa kanisa, mjane. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na hotuba kichwani, kama yule mwana mpotevu aliyeipanga yake njiani. Alifungua mlango, akanitazama, akasema, “Umekula, mwanangu?”

“Sijala, mama. Nimekuja kuzungumza.”

“Tutazungumza. Kaa.”

Aliniwekea mkate na chai. Mikono ilikuwa ikinitetemeka hata kikombe kikagonga kisahani, nikakirudisha mezani. Alijifanya hakuona. Nilipomaliza kula nilitoa karatasi yangu mfukoni, nikasoma ile sentensi moja. Hakusema “si kitu”. Ninamshukuru hadi leo kwa kutosema hivyo, kwa sababu mtu akikwambia si kitu, unabaki na mzigo wako na sasa umebaki peke yako nao. Alikaa kimya, kisha akasema, “Hilo ni baya. Na Kristo alikufa kwa ajili ya hilo.” Halafu akauliza, “Ni kiasi gani, na utaanza kulipa lini?”

Katika Luka 15 yule mwana alipanga kumwambia baba yake mambo matatu: nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Linganisha mstari wa 19 na wa 21. Sentensi ya tatu hakuitamka. Baba alikuwa tayari ameanza kuagiza vazi, pete na viatu.

Hatua ya tano: rekebisha kinachorekebishika

Neema haikufuti deni lako kwa jirani. Zakayo hakuambiwa alipe. Yesu alikwenda tu kukaa nyumbani mwake, na ndipo mtoza ushuru aliposimama akasema nusu ya mali yake atawapa maskini, na aliyemnyang’anya atamrudishia mara nne. Torati ilimtaka anayeungama kosa la namna hiyo arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano (Hesabu 5:7). Mara nne kilikuwa kipimo cha mwizi wa kondoo katika Kutoka 22. Zakayo alijichagulia kipimo kizito, na alifanya hivyo kwa furaha. Kukaribishwa kulikuja kwanza, malipo yakafuata. Ukigeuza mpangilio huo utalipa maisha yako yote bila kujiona umemaliza.

Kiutendaji: orodhesha uliowaumiza. Mbele ya kila jina andika kilichopotea, iwe fedha, muda, heshima au imani yao kwako. Kinachoweza kurudishwa, kipangie tarehe. Unapoomba radhi, taja tendo, kiri lilivyomuumiza, sema utakachofanya, kisha nyamaza. Usiseme “nisamehe kama nimekukosea”, maana hiyo “kama” inamrudishia yeye kazi ya kuthibitisha. Wala usidai akusamehe papo hapo. Msamaha wake ni wake na Mungu wake. Kuna watu ambao kuwatafuta tena ni kuwaumiza upya, hasa kama uliwatendea ukatili. Kwao toba yako ni kukaa mbali na kumwachia mwingine apeleke ujumbe, ikiwa wao wenyewe wanautaka.

Hatua ya sita: beba matokeo bila kuyaita laana

Maji yakimwagika hayazoleki. Daudi alisamehewa, na bado nyumba yake iliungua kwa miaka. Kuna mambo hayatarudi: nafasi, uhusiano, miaka. Usitafsiri kila matokeo kuwa ishara kwamba Mungu bado amekasirika. Warumi 8:1 imesimama: “Sasa, basi, hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu.”

Mfano huohuo wa maji yaliyomwagika umo kwenye Biblia. Katika 2 Samweli 14 mwanamke mwenye akili kutoka Tekoa alimwambia mfalme kwamba sisi ni kama maji yaliyomwagika chini, yasiyozoleka tena. Wengi huishia hapo. Yeye aliendelea: Mungu hutafuta njia ili aliyefukuzwa asiwe mtu aliyetupwa mbali naye.

Fedha nilirudisha kwa awamu. Uweka hazina niliondolewa, na ilikuwa haki. Hadi leo sishiki fedha za kwaya na sijaomba kuzishika. Ninafika saa moja kabla ya wengine, ninapanga viti.

Hatua ya saba: rudi kwenye ushirika

Aibu itakwambia ukae nyumbani mpaka utakapokuwa safi vya kutosha. Kanisa la kale lilipambana na swali hili kwa uchungu. Mwaka 250 kaisari wa Roma, Decius, aliamuru watu wote wa dola yake watoe sadaka kwa miungu na kupewa hati ya kuthibitisha. Wakristo wengi walitii kwa hofu. Wengine walinunua hati bila kutoa sadaka. Mateso yalipopungua, walirudi mlangoni wakilia. Huko Roma, padre mmoja aitwaye Novatian alisema kanisa halina mamlaka ya kuwapokea tena. Cyprian, askofu wa Karthago katika nchi ambayo leo ni Tunisia, mtu ambaye mwenyewe alilaumiwa kwa kujificha wakati wa mateso hayo, aliongoza mkutano wa maaskofu mwaka 251 ulioamua kwamba mlango upo: kwa toba ya kweli, kwa muda, kila kesi ikiangaliwa kwa uzito wake. Mwaka 258 Cyprian aliuawa kwa ajili ya imani ileile.

Unapoogopa macho ya watu Jumapili, kumbuka kwamba jambo hili lilikwisha kuulizwa na kanisa lilikwisha kujibu. Anza na ibada moja. Kaa nyuma ukitaka, lakini kaa. Kama kanisa lako linakutaka upumzike huduma kwa muda, kubali. Kama halitaki hata uketi, mwombe yule mtu wako mmoja akusaidie kupata lingine.

Na usiogope kurudi karibu na mahali ulipoangukia. Petro alikana akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Yohana anautaja katika 18:18. Neno hilo la Kigiriki la moto wa makaa linaonekana mara moja tu tena katika Agano Jipya, nalo ni Yohana 21:9, ufuoni, ambapo Yesu mfufuka amekwisha kuuwasha na kuweka samaki juu yake na mkate. “Njoni mfungue kinywa,” akawaambia. Kwanza walikula. Kisha yakaja maswali matatu kwa mara tatu za kukana, na Petro akahuzunika kuulizwa mara ya tatu, na kila jibu likafuatwa na kazi: lisha, chunga, lisha. Harufu ya moshi ule lazima ilimrudisha uani. Yesu hakuuepuka.

Na ukianguka tena

Utaanguka tena, pengine si kwa jambo lilelile. Petro yuleyule, baada ya ufuo ule na baada ya Pentekoste, alifika Antiokia akaanza kujitenga na waumini wasio Wayahudi kwa kuwaogopa watu, hata Paulo akampinga ana kwa ana mbele ya wote (Wagalatia 2:11-14). Woga ulikuwa uleule wa uani. Hakufutwa utume.

Martin Luther, mwanamatengenezo wa kanisa, aliiandika hoja ya kwanza kati ya zile hoja zake 95 mwaka 1517 kwa maana hiyo: Bwana aliposema tubuni, alitaka maisha yote ya mwamini yawe toba. Kwa hiyo usingoje mambo yarundikane hadi uhitaji tena wiki ya kuandika sentensi moja. Siku hiyohiyo, kabla hujalala, rudia njia ileile kwa ufupi. “Mimi”, kitenzi, nukta. Mwambie Mungu. Mpigie yule mtu mmoja.

Nilimpigia mama yule mara ya pili miaka kadhaa baadaye, kwa jambo lingine kabisa. Ilikuwa saa nne usiku. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama nimekula.